Uso hutaka maji, kitambaa ni msaidizi tu

Ilikuwa jioni ya Alhamisi, muda mchache baada ya Alasiri, nami nimeketi barazani kwangu Mji wa Kale na kikombe cha kahawa chungu, aliponijia binti wa marehemu ndugu yangu. Binti huyu, wasomaji wapenzi, ni mfanyakazi wa hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Kazi yake ni kuwapokea wageni, na kazi hiyo ina masharti yake: uso uwe umepambwa tangu asubuhi hata jioni, poda mahali pake, wanja mahali pake, na rangi ya midomo isiyofifia.

Aliniamkia, nikamwitikia. Kisha akatoa mkobani pakiti moja laini ya rangi ya waridi, yenye kifuniko cha kubandua na kubandika, akaiweka juu ya baraza baina yangu na kikombe.

"Ami," akasema, "nataka kukuuliza jambo, lakini usinicheke."

"Sema, mwanangu."

"Hivi ni vitambaa vya kupangusia uso. Kazini tunavitumia sote. Ikifika Adhuhuri huwa nina dakika kumi na tano tu, na bomba mara nyingi halitoi. Basi mimi hujipangusa uso kwa hiki mpaka rangi itoke, nikatia maji ya chupa mikononi, kichwani na miguuni, nikaswali. Huu ni mwezi wa saba. Jana mwenzangu mmoja ameniambia kwamba swala zangu zote hizo hazikusihi. Ni kweli, Ami?"

Sikumcheka. Tena nilitaka kumjibu papo hapo, kwani mtu aliyekalia mkeka wa chuo utotoni hujiona ana jibu la kila kitu. Lakini nilipomtazama nikaona macho yamemjaa machozi, na mashavu yana wekundu ambao haukuwa wa rangi ya dukani. Mimi ni mtu wa mashairi na magazeti, si mufti. Nikamwambia, "Niachie pakiti yako. Kesho baada ya Ijumaa tutakwenda kwa sheikh. Na mimi mwenyewe nitakijaribu kitambaa chako, nijue kinafanya nini na kinashindwa nini."

Hivyo ndivyo mzee wa zaidi ya miaka hamsini, ambaye uso wake haukuwahi kujua ila maji, sabuni na wembe, alivyoingia katika mambo ya vipodozi.

MIKONO KABLA YA USO

Kwanza nilitaka kujua kitu hiki kimetoka wapi. Kumbe hakikuanza usoni, kilianza mikononi. Mwaka 1957 Mmarekani mmoja, Arthur Julius, aliyekuwa amefanya kazi katika biashara ya vipodozi, alibuni kipande cha karatasi kilicholoweshwa na kufungwa ndani ya kijaluba chake. Mwaka 1960 alikionyesha Chicago kwa watu wa mikahawa, na mwaka 1963 kikaanza kugawiwa pamoja na kuku wa kukaanga wa Kentucky Fried Chicken, ili mlaji ajifute mafuta vidoleni bila ya kuinuka mezani. Kutoka hapo kikaenda kwa watoto wachanga, na hatimaye kikapanda usoni mwa mama zao.

Kitambaa chenyewe kwa kawaida hakikufumwa kwa mtande na mshindo kama nguo. Nyuzi zake zimetandazwa na kushikamanishwa kwa nguvu ya maji au kwa joto. Na ingawa mkononi hukidhania pamba, vitambaa vingi vya namna hii vimechanganywa na nyuzi za poliesta, yaani plastiki.

Maji yaliyomo nayo si maji matupu. Mna vitu vya jamii ya sabuni, ambavyo kila chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda maji na ya pili hupenda mafuta. Chembe hizo zikiwa nyingi hujikusanya vibonge vidogo mno visivyoonekana, ncha za mafuta zikielekea ndani, na mafuta ya poda na rangi yakanaswa humo. Ndiyo sababu kitambaa kimoja huweza kuondoa rangi ambayo maji peke yake hayakuiondoa. Hilo ni kweli, na haki ya kitu usiinyime.

Lakini kilichonaswa si lazima kiondoke. Sehemu hutoka na kitambaa, na sehemu huachwa usoni pamoja na ile sabuni yenyewe, kwa kuwa hakuna maji ya kuvichukua. Ni kama mtu aliyeosha sahani kwa sabuni akaiweka kabatini bila ya kuisuza.

JIBU LA SHEIKH

Siku ya pili tulikwenda kwa sheikh. Alimsikiliza binti mpaka mwisho, wala hakumkaripia. Kisha akamkumbusha yale tuliyoyasoma sote tukiwa wadogo katika madhehebu yetu ya Shafi: nguzo za udhu ni sita, nazo ni nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwikoni, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu mpaka vifundoni, na kufuata taratibu hiyo.

"Sikiliza maneno yenyewe," akasema. "Kichwa kimeambiwa kipakwe. Uso umeambiwa uoshwe. Na kuosha ni maji yapite juu ya ngozi, kutoka maoteo ya nywele mpaka chini ya kidevu, na kutoka sikio hadi sikio. Kitambaa chako kinapaka, hakioshi. Tena kinachopaka si maji matupu."

Binti akauliza kama basi atayamamu. Sheikh akatabasamu. "Kutayamamu ni kwa asiyepata maji au anayedhuriwa nayo. Na hata hapo, badala ya maji ni mchanga safi wenye vumbi, si kitambaa cha marashi. Nawe maji unayo: wewe mwenyewe umesema una chupa."

Juu ya rangi za uso alimweleza jambo ambalo wengi huchanganya. Alama ya rangi iliyobaki ngozini, kama ya hina, haizuii udhu. Kinachozuia ni tabaka lenye mwili, linalokaa juu ya ngozi na kuyakataa maji, kama zile wanja na rangi zinazouzwa kwa sifa kwamba hazitoki kwa maji. Hizo sharti ziondolewe kwanza. Basi kitambaa kinaweza kuwa mtangulizi wa udhu, lakini hakiwezi kuwa udhu.

Na swala za miezi saba? Sheikh alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Azikadirie, azilipe. Kidogo kidogo, kila siku na ya siku yake. Mlango haujafungwa, mwanangu."

Binti alilia, lakini naona ulikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, si cha aliyetwikwa.

SIKU KUMI NA NNE

Nami nikaanza jaribio langu. Nilikwenda Barabara ya Biashara nikanunua yadi moja ya melimeli kwa shilingi 250. Vijana huenda jina hili wamelisahau. Melimeli ni kile kitambaa chepesi cha pamba, ukikiinua juani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Jina limetufikia kutoka Bara Hindi, ambako hukiita malmal, na iliyosifika kuliko zote ilikuwa ya Dhaka. Fundi aliikata vipande kumi na viwili, kila kimoja kadiri ya futi moja kwa futi moja, akavipinda ncha zisichanuke.

Kila jioni niliporudi kutoka Marikiti, uso umejaa vumbi, jasho na moshi wa magari, niliugawa nusu kwa nusu. Shavu la kulia nililipangusa kwa kitambaa cha pakiti. La kushoto nililipangusa kwa melimeli iliyolowa maji ya vuguvugu, nikalisuza. Kisha kila upande niliupitisha pamba nyeupe yenye maji ya mawaridi, ili nione kilichosalia. Mke wangu alikuwa akipita na kutikisa kichwa.

Siku ya kwanza nusura nimpe ushindi mgeni. Kitambaa cha pakiti kilitoka cheusi, uso ukapoa, na harufu yake nzuri. Lakini pamba ndiyo iliyosema kweli. Ya upande wa kulia ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Ya kushoto ilikuwa karibu na weupe wake. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Kufikia siku ya tano shavu la kulia lilikuwa linanata usiku, na asubuhi limekakamaa kama ngozi ya ngoma. Siku ya kumi nikaliachisha kabisa, siku nne zilizobaki nikatumia melimeli kote.

Katikati ya jaribio nililetewa na mpwa wangu aliyeko Dubai kitambaa cha namna ya tatu, chenye manyoya laini kama ya paka. Hicho nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele, hakina dawa yoyote, hutiwa maji tu na huoshwa kikatumika tena. Kwa kweli kinafanya kazi vizuri, hata rangi ya binti yetu kiliitoa. Lakini nacho ni plastiki, na kila kikifuliwa huacha vijinyuzi vyake majini. Mimi nikabaki na melimeli yangu.

Kwa binti mwenye rangi nzito tuligundua haja ya hatua moja zaidi, kwani mafuta huvutwa na mafuta. Hutia matone machache ya mafuta ya nazi kiganjani, akasugua polepole usoni na kopeni mpaka rangi iyeyuke, akaipangusa kwa melimeli yenye maji, kisha akanawa kwa sabuni isiyo kali na kusuza. Hiyo sabuni ya mwisho asiiache, kwa sababu mafuta yakibaki yatayafukuza maji ya udhu. Na mwenye uso wa chunusi ajihadhari na mafuta ya nazi, yanaweza kumziba vitundu vya ngozi na kumzidishia.

WEKUNDU WA MASHAVU

Nimesema mashavu ya binti yalikuwa mekundu. Kope nazo zilikuwa zikimwasha. Yeye alidhani ni chunusi, akawa anajipangusa zaidi, mara tatu na nne kwa siku. Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, naye neno lake la kwanza lilikuwa, "Acha kila kitu." Wiki tatu asitie kitu usoni ila maji na sabuni laini, wala asisugue.

Daktari alitufahamisha kwamba kitu chochote chenye majimaji kikifungwa ndani ya pakiti kitaota ukungu, kwa hivyo hutiwa dawa ya kuuzuia. Baadhi ya dawa hizo huchokoza ngozi za watu. Mojawapo, iitwayo methilisothiazolinoni, ilileta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba mwaka 2013 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia maradhi hayo kiliitangaza kuwa kichokozi cha mwaka, na tangu mwaka 2017 Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika vipodozi visivyosuzwa. Manukato nayo yamo katika orodha ya wachokozi. Hakutuambia kwamba ndiyo iliyomdhuru binti yetu, kwani hilo halijulikani mpaka mtu apimwe kwa vibandiko mgongoni. Alichosema ni kwamba kinachosuzwa hudhuru kidogo, na kinachoachwa usoni kutwa hudhuru zaidi.

Wiki tatu zilipokwisha, wekundu ulikuwa umeondoka na kope zimetulia.

CHOO KILIPOZIBA

Wakati mimi nashughulika na mashavu, pale nyumbani kulizuka balaa jingine. Choo chetu cha kuvuta kiligoma. Maji yakapanda badala ya kushuka. Fundi aliingiza waya wake mrefu, akavuta, na huko nje vikaja vitambaa, kimoja baada ya kingine, vimejisokota kama kamba ya nanga. Havikuoza hata chembe. Wajukuu zangu wawili, walioniona nikivitumia, nao walikuwa wamejaribu, na walipomaliza wakavitupa walikoona panafaa. Fundi alichukua shilingi 2,000, nami sikuwa na wa kumlaumu ila nafsi yangu.

Tusidhani ni shida ya mabomba ya kwetu tu. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel mjini London, liligunduliwa pande la mafuta yaliyoganda na vitambaa vya namna hii, refu la mita 250 na zito kadiri ya tani 130, limeziba mfereji mzima wa maji machafu. Ikiwa mifereji mikubwa kama ile imeshindwa, sembuse shimo la choo cha Mji wa Kale?

Na kisichoziba choo huishia baharini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja hazitakiwi katika fukwe na mbuga zinazohifadhiwa. Vitambaa hivi hutuponyoka kwa sababu macho huviona nguo.

Tuseme na hesabu. Pakiti ya vitambaa 25 binti alikuwa akiinunua kwa shilingi 350. Kwa vitambaa viwili kila siku, ni pakiti 29 kwa mwaka, zaidi ya shilingi 10,000. Yadi ya melimeli ni shilingi 250, na ikitunzwa vyema haimalizwi kwa mwaka.

KITUNZENI KITAMBAA

Lakini nisije nikawatoa kwenye moto nikawatia kwenye majivu. Kitambaa cha kufuliwa nacho kina masharti, na mwenye kuyapuuza afadhali abaki na pakiti yake. Kitambaa kilicholowa kikaachwa chooni hugeuka shamba la vijidudu. Kipande kimoja kwa siku moja, kisha kifuliwe kwa sabuni na maji moto, kianikwe juani. Ndiyo maana nilikata kumi na viwili.

Jingine ni kwamba kitambaa cha uso hakina ushirika. Marehemu mama yangu, kila usiku wa Ijumaa, alikuwa akisaga liwa juu ya msio kwa maji ya mawaridi, akajipaka uso, na ikikauka huitoa kwa kipande cha leso kuukuu kilicholowa. Kipande hicho kilikuwa chake peke yake. Hata sisi wanawe hatukuruhusiwa kukigusa. Nikimdhania ana uchoyo. Leo najua kwamba ugonjwa wa macho wa vikope, ambao waganga huuita trakoma na ambao huweza kumpofusha mtu, huenezwa kwa nzi, kwa mikono, na kwa vitambaa vya uso vinavyotumiwa na watu wengi. Shirika la Afya Duniani limeuwekea ugonjwa huo mkakati wa mambo manne, na moja kati ya manne hayo ni usafi wa uso. Mama hakuisoma habari hiyo popote, lakini alikuwa akiitenda.

Kitambaa cha pakiti nacho kina siku yake. Safarini, ndani ya basi la Lamu, au kwa mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, ni msaada mkubwa. Tukitumie, kisha tukitie pipani, na tukipata maji tunawe.

KADIRI YA MUDI MOJA

Iliyobaki ni shida ya maji yenyewe, kwani ndiyo iliyomwingiza binti yetu katika hayo yote. Mombasa ni kisiwa kinachokunywa kwa jirani. Maji yetu hutoka Mzima huko Tsavo, Marere katika milima ya Shimba, Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Bomba likikauka ni mikokoteni na mitungi ya lita 20, na kila mtungi una bei yake. Mtu akishika kitambaa cha pakiti mahali kama hapa, tusifanye haraka kumwita mvivu.

Hata hivyo udhu haukuombwa pipa. Tumepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Mudi ni kadiri ya ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa, chini ya lita moja. Wala si kwamba alikuwa na maji mengi akayabania. Ametufundisha kiasi kinachotosha.

Siku hizi mkobani mwa binti yetu hakuna tena pakiti ya waridi. Mna chupa ya maji, kijaluba cha mafuta, kipande cha sabuni, na vipande viwili vya melimeli ndani ya mkebe. Msimamizi wake kazini, alipoelezwa, alimwongezea dakika tano. Na mna daftari dogo. Kila Adhuhuri, akisha kuswali ya siku, huswali na moja ya deni, akapiga mstari mmoja. Juzi alinionyesha. Mistari imejaa kurasa mbili, na uso wake ulikuwa hauna poda, unameta maji.

Nilimwandikia ubeti huu nyuma ya daftari lake, nanyi nawapa:

Kitambaa hakioshi, kazi yake kufutia,
Hata kiwe na marashi, taka huzisukumia,
Maji japo hayatoshi, viganjani nitatia,
Hapa nakata ubishi, uso ni maji na nia.